Meza ya Mninga

Muharami, zima simu hiyo, na wewe Maulida acha kuniwekea mto vizuri, maana nikistarehe nitasinzia na maneno haya yatabaki kifuani. Nyumba hii ya Pasiansi mtagawana kama dini inavyosema, hati iko kwenye sanduku la randa zangu, wala sitaki kusikia ugomvi. Ninalotaka kuwausia ni jingine, nalo linanitia aibu: miaka ishirini na mitatu nimemwonea wivu mdogo wangu Makame, baba yenu mdogo wa Busisi.

Mnanijua mimi ni fundi seremala, na mtu akitaka kitanda cha kumwozeshea binti yake hakuupita mlango wangu. Nilijenga, nikaweka marumaru, nikaunda ile meza ya mninga ya watu wanane ilhali tuko wanne, kila mtu na kiti chake, kila mtu na sahani yake, nikaona sasa nimekuwa baba. Makame hakuwa na kitu, alianika dagaa tu, lakini kila Idi tulipovuka ziwa kwenda kwake alitandika mkeka, sinia moja katikati, akawachambulia sato miiba kwa vidole vyake na kuwatia mdomoni mmoja mmoja, nanyi mkacheka kicheko ambacho kwangu sikuwahi kukisikia. Idi ile ya mwisho, kwenye kivuko tukirudi, wewe Maulida ulikuwa na miaka saba, ukaniuliza, "Kwa nini baba mdogo asiwe ndiye baba?" Uliuliza kitoto, mwanangu, usilie. Lakini niliungua, nikatazama maji mpaka tukashuka Kigongo.

Sasa sikilizeni nilichofanya. Niliwaambia nyinyi kwamba baba mdogo amesema msije tena, mnamchosha kwa kelele, kisha nikamwambia Makame kwamba nyinyi ndio mmekataa, mnasema mkeka wake unanuka dagaa. Wote mliniamini. Marehemu mama yenu alijua, akanisihi niseme kweli, akafa bado ananisihi. Makame hakugomba hata siku moja, alituma salamu tu, na hilo likanizidishia wivu, kwamba hata hasira kaniachia mimi. Idi zilizofuata mlikula mezani kwangu, vijiko tu vikigonga sahani, nami nimekaa kule mwisho, mkono wangu hauwafikii. Mlipouliza habari zake nilisingizia foleni ya kivuko. Leo daraja limekwisha kujengwa, watu wanavuka kwa dakika chache, na sina tena cha kusingizia.

Nipe maji... basi, yanatosha.

Kesho asubuhi nendeni Busisi. Mwamkieni kwanza, mkae chini, kisha mwambieni kwa vinywa vyenu kwamba maneno ya mkeka hamkuyasema nyinyi, niliyasema mimi. Msinipunguzie kosa. Mwombeni, nikifa, anioshe yeye, na akikataa msimlazimishe, ana haki. Ile meza ivunjeni, mbao zake zinifunike kaburini, ni mbao nzuri, hazina kifundo. Watu wakija kwenye hitima, watandikieni mikeka, mle sinia moja, na watoto wenu muwalishe kwa mikono. Msiniige kujenga vitu vikubwa vya kukalia mbalimbali.

Mungu awape riziki ndogo yenye kicheko. Awape... subirini, pumzi. Awape watoto watakaowakimbilia nyinyi kwanza.

Acheni hivyo viti. Njooni hapa kitandani, wote wawili, karibu... hivyo. Na Makame akija, najua mtamkimbilia, mtamlilia begani, na mimi nitakuwa nimelala hapa nawatazama. Roho itaniuma. Bado namwonea wivu, wanangu, hata sasa. Mpisheni akae hapa kichwani. Mpisheni hivyo hivyo.