Bwana Ambrose Aja Kuposa Euless

Nyuma ya chumba cha mashine za kufulia, kwenye fleti zetu hapa Euless, Texas, jirani na uwanja wa ndege, pana benchi aliloliacha Mkongo mmoja alipohamia Houston. Ndege zinashuka juu yetu chini sana hata unayaona magurudumu. Kila moja ikipita mazungumzo yanasimama, watu wanashika vikombe, kisha kila mtu anaendelea pale alipokatizwa, na upumbavu wake haujapungua hata chembe. Kahawa ni yangu. Naipika ndani na kuileta kwenye chupa, kwa sababu jiko la mkaa nilikatazwa siku ile wazima moto walipokuja na gari zima kwa ajili ya birika moja. Jumamosi ninayoisema walikuwa watatu: mwanangu Abdulhafidh, tunayemwita Shajara kwa kuwa hamwachi mtu aende bila kumhesabia mababu zake, Kiplagat, jina lake la hapa Gia Kumi, anayeendesha lori baina ya Dallas na Houston, na Mutuku, yaani Wakili, ambaye sheria hakuisoma ila aliwahi kumtafsiria mtu mahakama ya trafiki, na yule mtu akashindwa. Benchini na juu ya magoti yao walikuwa wametandaza karatasi ndefu kama sanda. Baada ya alasiri jibu lilikuwa lazima litoke: mjukuu wangu Nusra, binti wa Shajara, ameposwa, aolewe au asiolewe.

Mposaji ni Wesley, Mzungu wa Haltom City, fundi wa AC. Kasilimu mwaka juzi, kazi anayo, heshima anayo. Alipokuja, mwanangu hakumwuliza anasali wapi wala kama ana hasira za haraka. Alimwuliza, “Ukoo wako upi?” kama vile tumekaa barazani Malindi, Unguja, na huyo kijana ni mtoto wa jirani. Na kahawa hakumpa. Kwetu mposaji asiyepewa kahawa ajue bado hajajibiwa. Kijana wa watu akaenda, akakesha kwenye kompyuta, akarudi na karatasi hiyo ya ukoo wake, na juu kabisa mzee wa Kiingereza aliyekufa miaka mia tatu na ushei iliyopita.

– Bwana Ambrose Hatherby, Shajara akasoma, kidole juu ya karatasi. Mwenye shamba, mwenye kinu, mwenye vijiji viwili.

– Manze, huyo ni landlord! Gia Kumi akasema. Kama management ya hapa, lakini na farasi.

– Bwana shamba wa heshima, wewe. Si mtu wa kukugongea mlango kwa kodi.

– Na choo kikiziba alikuwa anakuja?

– Gia Kumi, nyamaza nisome. Shamba lilikuwa la kaka yake mkubwa. Kaka akaanguka kutoka kwenye farasi akafa, Ambrose akarithi.

Wakili akainua kidole.

– Akaanguka ama akaangushwa?

– Imeandikwa akaanguka.

– Imeandikwa na nani? Na Ambrose! Hiyo ni case. Mimi ningeifungua.

– Wakili, nikamwambia, farasi mwenyewe kashakufa. Utamwita shahidi gani, tandiko?

Ndege ikapita. Wakashika vikombe. Nyuma ya ukuta nikaisikia mashine ya kufulia ikianza kuzunguka, nikajua ni Nusra. Shuka zile zile alizifua asubuhi. Mtoto anafua nguo safi ili apate kusikia wanaume wanamwamulia nini, na baba yake yuko karne ya kumi na saba.

– Sasa sikilizeni, Shajara akaendelea. Vita vilipozuka kwao, alimpigania mfalme. Mfalme alipoanza kushindwa, akahamia upande wa Bunge. Siku mfalme anakatwa kichwa, Ambrose kajificha kwenye banda la njiwa. Mtoto wa mfalme aliporudi kutawala, Ambrose akatoka kwenda kumlaki barabarani.

– Mtaka cha mvunguni sharti ainame, Gia Kumi akasema.

– Methali hiyo inahusiana nini na njiwa?

– Si aliinama? Banda la njiwa utaingia umesimama?

– Huyo kwetu angekuwa Mheshimiwa, Wakili akasema. Vyama vitatu, term tano.

– Ndipo ninapoona shida, Shajara akasema. Ukoo wa kuhamahama. Leo kwa mfalme, kesho kwa Bunge. Huyu Wesley akimchoka binti yangu?

– Akimchoka atajificha kwa njiwa, Gia Kumi akasema. Mumtafute huko kwanza.

– Na hapa pabaya zaidi. Alimshitaki mama yake mzazi. Kwa ajili ya kinu.

Wakatikisa vichwa wote watatu, kwa huzuni, kama wamefiwa. Nami nikawatazama. Wakili mama yake yuko Kitui, anampigia simu Krismasi. Mwanangu anaye mama hapa hapa benchini, na tangu asubuhi hajamwuliza, “Mama, wewe unamwonaje huyu kijana?” Nikawamiminia kahawa.

– Ngoja, ngoja, Wakili akasema, karatasi kaivutia kwake. Hii hapa nyingine. Ambrose alikuwa na share kwenye mashamba ya miwa, visiwa vya Karibi. Zama hizo. Miwa hiyo mnajua ilikuwa inakatwa na nani?

Hata Gia Kumi akaweka kikombe chini, juu ya karatasi, wala hakutazama kinakokaa.

– Sisi, akasema. Watu wetu, utumwani.

– Basi yamekwisha, Shajara akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyepata alichokuwa akikitafuta. Hatumwozi. Hatuwezi kuchanganya damu na watu wa namna hiyo.

Hapo nikashindwa kuvumilia.

– Abdulhafidh.

– Naam, Mama.

– Na karafuu za babu wa babu yako kule Pemba, zilichumwa na malaika?

– Mama, hilo ni jambo jingine.

– Jingine kwa nani? Kwa mchumaji? Unamhesabu babu huyo kwa kila anayekaa kwenye benchi hili, hata yule mleta pizza ulimsimulia. Hujawahi kuhesabu waliobeba magunia yake. Kwa karatasi kama hii, wewe ungeozwa mke na nani?

– Mama, watu wanasikia.

– Na wasikie! Wewe ulipokwenda kumposa mama yake Nusra, baba yake alikuuliza nini? Alikuuliza, “Unasali? Unafanya kazi?” Basi. Angekuuliza mababu mpaka leo ungekuwa kapera.

Ndege nyingine. Wakili, kwa vile hawezi kuona kimya akakiacha, akainua tena kidole.

– Lakini kuna njia. Ambrose alikuwa na kijana mmoja, imeandikwa hapa, alipotelea baharini akielekea mashariki. Mashariki ni wapi? Ni kwenu! Tuseme alifika Lamu. Tuseme akaoa. Yule Shamsudin wenu wa Lamu, muuza vitambaa kule Plano, macho yake rangi gani?

– Kijani, Gia Kumi akasema polepole. Wueh!

– Basi. Wesley ni ndugu yenu kabisa. Mnamkataaje ndugu?

– Damu nzito kuliko chai, Gia Kumi akaunga mkono.

– Macho ya Shamsudin ni ya mama yake, Mshihiri wa Yemen, nikasema. Na nyinyi mngekuwa na akili ningeshangaa.

– Kama ni ndugu, Shajara akaanza, na uso wake, Mungu nisamehe, ulianza kung’aa, basi huenda...

Hakumaliza. Gari dogo jeupe lilisimama mbele ya mapipa ya taka, akashuka mama mmoja wa Kizungu, mnene, magoti yanamsumbua, mkononi kashika sinia lililofunikwa foili. Akatutazama mmoja mmoja. Kiingereza changu ni cha kuombea dawa, lakini huyu alisema taratibu, nikayapata yote.

– Natafuta baba yake Nusra.

– Ni mimi, Shajara akajibu, amekaa.

– Mimi Darlene, mama yake Wesley. Mwanangu wiki nzima halali, anatafuta watu waliokufa. Nikamwuliza kisa nini, akaniambia baba yake Nusra anataka kuijua familia yake. Baba yake alituacha Wesley akiwa hajaanza kutambaa. Familia yake ndiyo mimi. Naendesha basi la shule Haltom City, karibu tu hapo. Basi nimekuja. Mlitaka kujua nini?

Nilimtazama Shajara. Shajara akamtazama Wakili. Wakili kidole chake kilikuwa kimelala gotini kama kimekufa. Gia Kumi akakiinua kikombe chake kutoka kwenye karatasi, taratibu, na pale chini kabisa, ndani ya duara la kahawa, nikaliona jina ambalo tangu asubuhi hakuna aliyelifikia: Darlene. Ukoo wote ule, vijiji, kinu, sukari na njiwa, ulikuwa unamshukia yeye, na wao waliishia juu wakipigana vita vya mfalme. Hata ndege siku hiyo haikuja kuwaokoa.

Mama wa watu alikuwa bado amesimama na sinia lake.

– Abdulhafidh, nikasema. Mgeni amesimama.

Akainuka. Darlene akashukuru, akakaa palipokuwa na mwanangu, na kwa kuwa hakuna aliyewahi kuikunja karatasi, akamkalia Bwana Ambrose na kizazi chake chote. Nikaipindua chupa juu ya kikombe safi. Likatoka tone moja.

– Imekwisha, nikasema, nikaiweka chini. Sikuinuka.

Mwanangu akaitazama chupa, akanitazama mimi, akamtazama yule mama anayejisugua magoti. Mashine nyuma ya ukuta ilikuwa imenyamaza. Nusra alikuwa mlangoni, shuka zimemlowesha kifua.

– Mwambie asubiri, Mama, Shajara akasema, akaichukua chupa. Nakwenda kumpikia.

Tangu nimzae hajawahi kupika kahawa. Nikamwambia Gia Kumi awe na simu karibu, wazima moto wasichelewe.