Shamba la Abner Linasogea

Mheshimiwa Mwakilishi wa Wadi, Mkuu wa Chuo chetu, walimu wenzangu na wanafunzi, wazee na akina mama mlioteremka kutoka Manga, nanyi wazazi wa Hodan mliofunga duka Kisii mjini ili mje kumsindikiza binti yenu: bwakire buya, habari za asubuhi. Naitwa Jethro Obwocha, msimamizi wa maabara ya kompyuta. Nimepewa dakika chache za kumuaga Hodan Abdiaziz, anayetuacha kwenda kazi mpya Mombasa. Nitazitumia kueleza alichotufanyia, na siwezi kukieleza bila kukiri nilichokifanya mimi.

Kompyuta moja haiwezi kukokotoa mwendo wa mlima mzima. Kwa hiyo tuliunganisha za chuo na za shule nane, kila moja ikapewa kipande chake cha hesabu, na muungano huo tukauita gridi. Kwenye mteremko wa Manga tulichimbia vipimio, vyuma vyembamba vyenye betri, vinavyotuma habari kwa gridi udongo unaposogea, nayo gridi ikamtumia mwenye shamba ujumbe wa simu. Cha nne kilikuwa katika shamba la chai la mzee Abner Nyangate.

Tulijivuna sana. Gridi ilifanya kazi. Shida ilikuwa kuzungumza nayo. Mwanafunzi akitaka kuipa kazi aliandika mistari arobaini ya maagizo, na akikosea nukta moja, ilinyamaza. Majibu yake yalikuwa nambari tupu. Mwongozo wake ulikuwa na kurasa mia mbili, tena kwa Kiingereza, na aliyeuandika ni mimi.

Aprili, miaka mitatu iliyopita, siku ya Alhamisi, mzee Abner aliingia ofisini kwangu, simu mkononi.

“Mwalimu, hii inasema nini?”

Nikasoma: Kazi 4417. Kituo 4. Hali 3.

“Inasema kazi imekwisha, mzee.”

“Imekwisha vizuri ama vibaya?”

Nilikuwa nachelewa kikao. Nikamwambia atazame mwongozo. Akanishukuru, akaenda zake.

Hali 3 maana yake ni kwamba udongo umevuka mpaka wa hatari. Imeandikwa, ukurasa wa mia moja na kumi na mbili. Siku ya Sabato mama Phanice, mkewe, alikwenda kanisani, na mzee akabaki kumwangalia ng'ombe aliyekaribia kuzaa. Saa tano asubuhi mteremko ukashuka. Tulichimba siku sita. Hatukumpata.

Ndugu zangu, ni nani aliyekosa hapo? Mashine ilisema. Mzee aliuliza. Aliyesimama katikati ni mimi.

Hodan alipoajiriwa kurahisisha mazungumzo ya watu na gridi, hakuomba kwanza kuonyeshwa kompyuta. Aliomba kupelekwa kwa mama Phanice. Alikaa naye jikoni wiki nzima, wakimenya ndizi.

“Mama, ungetaka ikuambie vipi?” akamuuliza.

“Kama jirani anavyoniambia. Shamba la nani, limefanya nini, mimi niende wapi.”

Hilo ndilo alilolijenga. Mistari arobaini ya wanafunzi akaifanya mitatu. Akaweka sharti ambalo nyinyi waandishi wa programu mlilipinga vikali: hakuna kazi inayoingia kwenye gridi mpaka mwenyewe aandike, kwa sentensi moja, mtu wa kawaida atafanya nini ikienda mrama. Asiyeweza kueleza, gridi inamrudishia kazi yake. Na vituo vyote akavipa majina ya wenye mashamba.

Desemba ya pili baada ya msiba tulimwita mama Phanice awe wa kwanza kujaribu. Alivaa miwani, akasoma orodha kwa sauti, shamba baada ya shamba. Kisha kidole chake kikasimama kwenye mstari mmoja. Nikainama kutazama kioo. Kiliandika: Shamba la Abner Nyangate linasogea kidogo. Limesikika leo asubuhi.

Mama akauliza, “Limesikika likitoka wapi?”

Kipimio kile kilikuwa chini ya udongo wa kimo cha nyumba, mahali fulani alipo mzee. Betri yake hudumu miezi kumi na miwili; huo ulikuwa mwezi wa ishirini tangu msiba. Nilifungua kumbukumbu za nyuma. Tangu siku ya msiba, Kituo 4 kilikuwa kikituita kila asubuhi bila kukosa, nasi tulipita juu ya nambari ile tukienda kunywa chai.

Nilipendekeza turudishe nambari, kwa heshima ya mfiwa. Mama Phanice akavua miwani. “Nambari tulishakuwa nayo, mwalimu,” akasema. “Acha jina.”

Tukaliacha. Mei mwaka jana, Jumatano saa nne asubuhi, simu za nyumba thelathini na moja zilisema kwa pamoja, kwa Ekegusii, lugha ya nyumbani: Shamba la Abner Nyangate linasogea haraka. Tokeni sasa. Pandeni upande wa shule.

Mama Phanice alikuwa akichuma chai kwa shemeji yake. Aliniambia kuku walikuwa wamenyamaza, maji ya chemchemi yamegeuka mekundu, na migomba imelala upande mmoja bila upepo. Alikwenda mlango hadi mlango. Hakusema mashine imeonya. Alisema, “Abner anasema tutoke.” Wakatoka wote, hata waliokuwa wakibisha. Baada ya dakika arobaini mteremko ulishuka mara ya pili, ukachukua nyumba tisa. Hakufa mtu.

Tangu saa ile kipimio hakijasikika tena.

Hodan, umetuachia mwongozo wa kurasa tisa. Katika ukurasa wa mwisho umeandika kwamba hatujui kituo cha Abner kilipata wapi nguvu. Nilitaka kulifuta hilo, nikiogopa tutachekwa. Ukaniambia, “Mwalimu, tuliahidi kuwaambia watu kwa lugha wanayoielewa. Hata tusichokijua.” Limebaki.

Nilipompelekea mama Phanice habari kwamba kituo kimenyamaza, alisema, “Basi amelala.” Mimi ni mtu wa hesabu. Sikumsahihisha.

Nenda salama, binti yetu. Wazazi, tunawashukuru kwa kutuazima binti yenu. Na nyinyi nyote, asanteni kwa kunipa masikio yenu.