Karatasi ya USIZIME

Nje ya saiba ya Nadira, duka lake la intaneti pale Bombolulu, pana benchi lenye mguu mmoja mfupi, na wanaolikalia hawakosi la kusema. Asubuhi hiyo Nadira mwenyewe alitoka kukaa, kikombe cha kahawa mkononi, roho juu. Boga, aitwaye Hakimu kwa kuwa hakuna kesi asiyoihukumu, alimsogezea nafasi. Absalom, jina la kijiweni Kreni, mtu wa bara afanyaye kazi bandarini, alikuwa akitafuna kashata.

— Fundi kaniletea ujumbe, — alisema Nadira. — Kerneli, ule moyo wa mfumo wa kompyuta, ina ufa. Mteja aingia kama mgeni tu, lakini akijua mbinu ajigeuza mwenye mashine. Afungua vitambulisho na barua za watu wote.

— Usipoziba ufa utajenga ukuta, — Hakimu alihukumu. — Na ukuta ni mali. Uwache!

— Kiraka nimeshakitia. Lakini hakishiki mpaka mashine kuu izimwe, iwashwe tena.

— Si uzime tu? — aliuliza Kreni.

Wote wakageuka kutazama mlangoni. Juu ya mashine kuu palibandikwa karatasi ya wino mwekundu: USIZIME. Hata stima zikipotea, betri ya akiba huibeba. Mwaka mzima haijalala. Nadira aliogopa. Ikikataa kuamka, duka limekwisha. Akiiacha hivyo na siri za majirani zikaibwa, ataweka wapi uso wake?

— Wallahi usiiguse, — alisema Hakimu. — Aliyeandika hivyo ajua kitu. Pengine ndiyo ishikayo mtandao wa Kisauni nzima.

— Kisauni? Hiyo ikizimwa, feri ya Likoni inasimama katikati ya maji! Na makontena yetu yanabaki yananing'inia hewani.

— Na mwezi wa Idi usiandame!

— Halafu huyo mgeni si shida, — aliendelea Kreni. — Mgeni njoo, mwenyeji apone. Akiwa bosi yeye, wewe unapumzika.

Nadira alitaka kucheka, akashindwa. Hapo akafika Bi Mwanakheri na kadi yake ya kliniki, ataka kopi.

— Shikamoo, Bi.

— Marahaba, mwanangu. Mbona nyuso zimewashuka?

Wakamweleza. Akachungulia ndani.

— Na hiyo karatasi aliandika nani?

— Nalidhani fundi, — alisema Nadira.

— Mie nalidhani wewe, — alisema Hakimu.

Kreni alimeza kashata.

— Mimi niliikuta inabanduka, nikaongeza selotepu.

Nadira aliinuka, akaibandua karatasi, akasema bismillahi, akaizima mashine. Akaiwasha. Kioo kilibaki cheusi mpaka kahawa ikapoa kikombeni. Kisha maandishi meupe yakaanza kushuka, mstari kwa mstari, na mwisho mashine ikamwomba neno la siri, yeye mwenyewe, mwenye nyumba. Machozi yalimlenga kwa furaha.

Hakimu aliikunja ile karatasi mara nne, akaisukuma chini ya mguu mfupi wa benchi.

— Tangu mwanzo nalisema izimwe, — alisema, akakaa. Benchi halikuyumba.

— Haya, mwanangu, — alisema Bi Mwanakheri. — Nitolee kopi yangu.