Mkeka wa Ijumaa: Maisha ya Verediana Pastory Nkanuye (Mama Wema), 1950–2004

Dada yetu Verediana alizaliwa Ilagala tarehe 14 Machi 1950, mtoto wa pili wa marehemu Mzee Pastory Nkanuye na marehemu Bibi Dainess.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Ilagala, akaendelea Kigoma mjini, kisha mwaka 1970 akapanda treni kwenda Tengeru kusomea maendeleo ya jamii. Aliporudi aliajiriwa kuwa Bibi Maendeleo, akazunguka vijiji vya mwambao kwa miaka mingi. Tarehe 8 Juni 1974 alifunga ndoa na Bwana Leonardi Bitariho, karani wa bandarini, wakajenga hapa Bangwe. Mungu aliwajalia watoto watatu.

Mwaka 1997, kambi zilipokuwa zimejaa, alijiunga na shirika la Sauti ya Ziwa, lililotetea haki za wakimbizi. Alikuta wakimbizi wakisimama nje ya ofisi kusubiri maamuzi juu yao. Yeye ndiye aliyeanzisha mkeka wa Ijumaa: siku hiyo wakimbizi walikaa kwenye viti, na watumishi wote, mkurugenzi akiwemo, walikaa chini mkekani wakaulizwa maswali. Mzee Anatoli, mtunza stoo, hakuweza kuinuka bila kuvutwa na akina mama. "Mzee, leo wewe ndiye mkimbizi!" walimtania. Naye akajibu, "Basi nipeni blanketi!" Verediana alicheka mpaka machozi. Hizo ndizo siku tunazopenda kumkumbuka nazo.

Mwaka 2001, mkimbizi aitwaye Leonia alimweleza kwamba msimamizi wa ugawaji wa shirika aliwataka wanawake chumbani kwake kabla ya kuwapa chakula. Verediana alimwahidi kwamba Ijumaa inayofuata msimamizi angekaa mkekani na kumjibu. Leonia aliogopa. "Mama, mimi nikae juu, yeye chini? Si ataniua kwa macho?"

"Nitakaa karibu yako," Verediana alimwambia.

Ijumaa hiyo wakaja wafadhili. Mkeka haukutandikwa, na wakimbizi walirudishwa nje. Mkurugenzi wa wakati ule alimvuta pembeni. "Mama Wema, usituaibishe mbele ya wageni. Sisi ni watetezi wa haki."

"Haki ya nani, bwana? Leonia yuko pale nje."

"Atasikilizwa wiki ijayo."

Wiki iliyofuata msimamizi alikuwa amehamishiwa kituo kingine, akaagwa kwa soda na hotuba. Kambini wakaanza kumnyooshea Leonia vidole, kwamba ni mwongo aliyetaka kuwafungia shirika. Akaamua kurudi kwao Burundi, ambako vita vilikuwa havijaisha. Verediana alimwahi akiwa tayari juu ya lori, akamshika mguu. Leonia alisema, "Mama, mlisema mtakaa chini mnisikilize." Lori likaondoka.

Tangu hapo kila Ijumaa alitandika mkeka na kukaa peke yake, akiuliza lini shirika litajibu. Wenzake walipita pembeni na viatu vyao. Mwaka 2002 alisimamishwa kazi kwa kuvuruga umoja.

Mwaka 2003 aligundulika kuwa na saratani ya shingo ya kizazi. Alitibiwa Kigoma na Dar es Salaam, lakini ugonjwa ulikuwa umekwenda mbali. Katika maumivu yake alituuliza neno moja tu: "Wameshakaa?" Hatukuweza kumdanganya. Alifariki hapa nyumbani Jumanne, tarehe 9 Novemba 2004, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mumewe.

Marehemu ameacha mume, Bwana Leonardi, watoto Wema, Marcel na Ziada, wajukuu wanne, na wadogo zake Jovita na Rodgers. Leonia tumemtafuta kwa kila aliyevuka mpaka. Hatujui kama yu hai.

Viongozi wa Sauti ya Ziwa, tunawashukuru kwa kufika na kwa shada lenu. Viti vya mbele tumewapa akina mama waliopata kibali cha kutoka kambini. Kando ya kaburi tumetandika mkeka wake. Kabla ya udongo wa kwanza, familia inawaomba mkae.

Mungu ampokee Verediana, ampe pumziko ambalo sisi hatukumpa.