Bingwa wa Sataranji Alivyofungwa

Treni ilipoondoka, mama mmoja alimgeukia fundi cherehani aliyeketi kando yake, akamweleza kwa majivuno kwamba binti yake ameposwa na bingwa mkuu wa sataranji. Fundi alikuwa katikati ya mwayo, na hilo neno sataranji likampita.

"Tangu aanze, kaka, kafungwa mara moja tu, tena ugenini."

Fundi akazinduka. "Kafungwa! Kwa kosa gani, dada?"

"Alimwacha malkia peke yake, wakamla."

"Wakamla! Na binti yako anayajua haya?"

"Ndiye aliyenisimulia, huku anacheka."

Fundi akausogeza mfuko wake mbali kidogo. Ukoo wa kucheka malkia akiliwa si wa kuzoeana nao.

"Baada ya hapo hajafungwa tena," mama akaendelea, sasa kwa unyonge. "Ila na kushinda hashindi. Kila wiki ni sare, sare tu. Ndiyo maana nasita kumpa mtoto wangu."

Uso wa fundi ukakunjuka. "Sare kila wiki? Si kashapata kazi huyo! Mpe, dada, mpe!"

Breki zikalia. Mama akashuka, mdomo wazi.

"Na akinenepa," fundi akapaza sauti dirishani, "hizo sare alete kwangu nizipanue!"