Kalamu ya Mzee Ntirampeba

Mbele ya cherehani ya fundi Zihindula, pale kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, kuna benchi la kahawa, na siku hiyo lilijaa mapema kwa sababu ya kalamu ya wino: nyeusi, nene kama kidole gumba, yenye pete tatu za dhahabu. Mzee Ntirampeba alikuwa ameondoka kwenda Kanada, na kama wafanyavyo wote wanaoondoka, aligawa vitu vyake. Kitanda alilipatia kanisa. Kalamu alimwachia Lwaboshi, muuza simu wa soko la Tsoka mjini Lilongwe, ndiyo maana akaitwa Msie Lilongwe. Zihindula, rafiki wa mzee tangu walipokuwa Bukavu, Kongo, aliachiwa kiti.

— Muangalie nibu, hii ncha yake, alisema Lwaboshi, akizungusha kifuniko polepole. Haya maua bamechora na mukono. Na hii katundu ka katikati njo inapumulia.

— Kama inapumua, uipatie nsima ikule, alisema Zihindula.

Gaspard, aliyeitwa Dokta kwa kuwa aliwahi kufagia duka la dawa, alitikisa kichwa.

— We cheka tu. Stilo ya vile inajifunza mukono ya mwenyewe. Mwingine akiishika, inakwaruza.

— Hiyo ni kidogo, alisema Lwaboshi. Juzi kule Lilongwe, mulinzi wa banki aliiona mu mufuko, akanifungulia mulango. Na sikukuwa naingia.

— Mi nitakuambia kitu, alisema Gaspard. Hii stilo njo ilipitisha dosie ya muzee ya kwenda Kanada. Bazungu baliona ile wino, bakasema huyu si mutu wa kubakia mu kambi.

Zihindula alikata uzi kwa meno. Aliijua kalamu ile kuliko wote: jinsi ilivyonyonya wino mtu akizungusha mkia wake, jinsi mstari ulivyonenepa kwenye kushuka na kukonda kwenye kupanda.

— Muzee nilimuambia kila siku, alisema. Stilo ya vile ni ya kujionyesha. Mutu wa akili, biki ya bei ndogo inamutosha.

Macho yake hayakuziacha zile pete.

Fortunée, mgeni aliyehamia juzi kutoka mji wa Madisi, alikuwa amesimama na sketi yake akingoja kupindiwa.

— Papa Zihindula, ulimuambia vile kila siku?

— Kila siku.

— Na hata siku moja ulimuambia kama unaipenda?

Gaspard alitazama viatu vyake. Lwaboshi aliacha kuzungusha kifuniko.

Zihindula aliinua kikombe, akakikuta kitupu, akanywa hivyo hivyo.