Kabla ya Kushindilia Baruti

Mwangaluka, ndugu zangu. Shikamooni wazee. Majuma matatu nimekaa kiti cha nyuma humu mkutanoni nikipanga maneno haya, na bado hayajapangika. Nitasema hivyohivyo.

Nimesomea kompyuta. Nilipokosa ajira kwetu Ibadakuli nilikuja huku Geita, na mwenye duara mmoja, yaani shimo la dhahabu, akanipa kazi ya kutengeneza king'ora cha simu. Tukitaka kulipua, msimamizi abonyeze, king'ora kilie duara la jirani, watu watoke.

Kwenye programu kuna fanksheni, yaani kipande cha maagizo, kama fundi anayesubiri vifaa aanze kazi. Yangu ilitaka vitu viwili: duara la kuonywa na duara linalolipua. Lugha niliyotumia inaruhusu ujaze nafasi ya kwanza mapema, fanksheni ikabaki inangoja ya pili tu. Nikajaza duara letu, maana ndilo linalolipua kila siku. Msimamizi angechagua jirani, basi. Ndugu zangu, nawaambia, rangi ya kitufe niliikagua mara tisa. Mpangilio wa nafasi sikuukagua. Ya kwanza ilikuwa ya anayeonywa.

Asubuhi msimamizi akabonyeza. King'ora kikalia hapohapo kwetu. Tukakisikia, tukaridhika, na kukisikia ndiko kulikotuponza. Kwa jirani kimya. Baruti ikapasuka, ardhi ikatupiga nyayo, halafu vumbi likatimka kwenye shimo lao, na mayowe ndani ya vumbi.

Alitolewa mchimbaji mmoja, mguu umesagika chini ya goti, mfupa nje. Wenzake wakanijia na mipini ya sururu.

"Msomi, king'ora chako kimelia wapi?"

Pigo la kwanza lilivunja mkono huu. Meno mawili niliyatema. Wakanikokota kifudifudi hadi mdomo wa shimo, kichwa kikaning'inia ndani, mmoja akisema, "Naye ashuke akaonje alichomfanyia mwenzetu."

Yule wa mguu alikuwa amelazwa juu ya magunia. "Mwacheni," akasema. "Mkimtupa, nani atatuambia kilichokosewa? Na mimi mnanipeleka hospitali, au mnacheza ngoma?"

Wakaniachia.

Wodini tukapangiwa vitanda jirani. Mguu ulikuwa umekatwa. Siku tano nilijifanya nimelala.

"Dogo, najua uko macho. Hebu nieleze."

Nikamweleza nafasi ya kwanza na ya pili. Akacheka mpaka kidonda kikamuuma.

"Kumbe ni kama baruti. Ukishaishindilia kwenye mwamba, utambi unaning'inia, inangoja moto tu. Ndiyo maana kabla ya kushindilia tunauliza: tundu hili linaelekea kwa nani? Wewe ulishindilia hujauliza."

Chuoni sikuwahi kuelezwa hivyo. Nililia mbele yake, akaniacha nilie.

Nilipopona niliandika upya. Sasa kila nafasi ina jina, na hujazwa kwa jina lake, si kwa zamu. Siku ya kujaribu, yeye alisimama kwenye duara la jirani na magongo yake. Akanipigia simu: "Nimekisikia. Sasa kawaze kitu kingine."

Wabeja, asanteni sana, kwa wauguzi, na kwa mama aliyenilisha uji mkono wangu ulipokuwa kwenye plasta. Wabeja na kwenu mlionipiga, maana mlikuja wodini kuniangalia, na leo mmo humu. Na wewe wa magongo, ndiwe uliyenitoa kwenye mdomo wa shimo.

Ndugu zangu, ukitaka kujua kama onyo lako linasikika, usisimame kwako. Vuka uende kwa jirani, usikilize ukiwa kule.